Wanenguaji na wacheza dansi wa kulipwa: mlango wa vilevi ni baa, au ni duka la dawa?

#1 Mfamasia wa Kata

Wakuu, salaam.

Ninauza dawa katika mtaa uliopakana na kumbi za muziki wa dansi hapa Dar es Salaam, na ninaleta hoja ambayo najua itapingwa. Mnenguaji akionekana amekonda, amechoka au ameachishwa bendi kwa utoro, mtaa mzima husema kwamba ameponzwa na starehe: pombe, bangi, unga. Kwa ninavyoona nikiwa nyuma ya kaunta, wengi wao waliingilia kwangu na kwa wafamasia wenzangu. Alikuja Ijumaa kununua diklofenaki ya goti ili aweze kupanda jukwaani, akarudi Jumapili mchana kununua nyingine kwa ajili ya bonanza, na baada ya miezi kadhaa akaanza kuulizia kitu chenye nguvu zaidi.

Kwa kawaida anachokiulizia ni tramadoli, au dawa ya kikohozi yenye kodeini, ilhali yeye hakohoi. Hizo haziuzwi bila cheti cha daktari. Nikimnyima, anaondoka bila kinyongo, jambo linalonifanya niamini kwamba analijua duka jingine.

Kwa mliowahi kucheza, kusimamia au kutibu wachezaji wa kulipwa, naomba mniambie: mlango ni upi hasa? Naomba pia tusitaje majina ya watu wa mitaani kwetu.

#2 Kipepeo wa Sebene

Mkuu, hoja yako ni ya kweli kwa nusu, nami nitakueleza nusu iliyobaki kwa sababu nilinengua miaka mingi kabla ya kuacha na kufungua saluni.

Maumivu yapo, tena si ya mzaha. Jukwaa la kumbi nyingi ni saruji iliyowekwa zulia jembamba au kapeti ya plastiki, na sebene, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likishachanganya unaruka na kutua hapo kwa dakika nyingi bila kupumzika, ukiwa umevaa buti zenye kisigino. Chumba chetu cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya kreti za bia. Humo kulikuwa na kibegi kimoja cha wote: bandeji ya kuvutika, dawa ya kuchua, pini, wanja, na vidonge vilivyokwisha kutolewa kwenye pakiti vikaviringishwa katika karatasi ya daftari. Kwa hiyo hakuna aliyejua jina la dawa wala tarehe ya kuisha muda wake. Tulivijua kwa sura tu. Kirefu cheupe kilikuwa cha goti, kidogo cha manjano kilikuwa cha kulalia.

Hata hivyo, kilichonitangulia mimi kilikuwa aibu. Msichana aliyelelewa na bibi, akaambiwa avae kaptura ile mbele ya wanaume waliokwisha kulewa, mwili wake unagoma. Kiongozi wetu wa safu, ambaye kwa kweli alinipenda kama mdogo wake, alinipa kiroba, yaani kipakiti cha pombe kali, akaniambia nimeze chote kwa mkupuo. Mwili ukafunguka. Tangu siku hiyo kiroba kikawa sehemu ya mavazi, na sikuwahi kupanda jukwaani bila hicho hadi serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba mwezi Machi 2017. Hapo wengine wakahamia kwenye chupa ndogo, na wengine kwenye mambo mazito zaidi.

#3 Hakimu Bila Rungu

Naheshimu ushuhuda wa dada Kipepeo, ila sioni bado ushahidi wa hoja yenyewe. Mfamasia anawaona wanaokwenda duka la dawa, kwa hiyo lazima aone kwamba mlango ni duka la dawa. Mwenye baa naye akija hapa ataapa kwamba mlango ni baa. Je, wachezaji wanatumia vilevi kuliko walinzi wa usiku, madereva wa malori na vijana wa bodaboda? Huenda tofauti ni kwamba mchezaji anaanguka mbele ya watu waliolipa kiingilio, ilhali mlinzi anaanguka peke yake kwenye kibanda chake.

#4 Fundi Spika

Hakimu, hebu tuambie kwanza kama uliwahi kukesha ukumbini, au bendi unazisikia redioni ukiwa umejifunika blanketi?

Mimi ni fundi mitambo na nimezunguka na bendi mikoani. Goti na aibu ni kweli, ila mlango ni ratiba. Onesho linaanza saa tatu usiku na kumalizika saa tisa au saa kumi alfajiri. Vyombo vinapakiwa, watu wanapanda Coaster, na jioni yake mnatakiwa muwe Morogoro au Dodoma mmekwisha kufunga vyombo na kufanya mazoezi ya jukwaa. Hakuna mwili unaobeba hayo kwa chai na chapati. Ndiyo maana mirungi inatafunwa njiani, na kwa sababu mirungi haimruhusu mtu kulala hata akifika kitandani, lazima apate kitu cha kumlaza. Mtu anakuwa na kitu cha kuamkia na kitu cha kulalia, na hapo katikati hana saa hata moja ambayo ni ya mwili wake mwenyewe.

Hata hivyo mirungi yenyewe siihesabu kama dawa ya kulevya, ni majani tu yanayouzwa kihalali sokoni.

#5 Binti Likoni

Hamjambo. Ndugu Fundi Spika, yanauzwa kihalali huku kwetu Kenya, ambako mirungi, yaani miraa, ni zao linalotambuliwa na sheria. Kwenu Tanzania mirungi imo katika orodha ya dawa za kulevya kwenye sheria ya mwaka 2015, na Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014. Bendi inayovuka Namanga au Horohoro na furushi ndani ya kasha la gitaa inavuka na kesi.

Na hata huku halali yenyewe ina mgogoro. Mwezi Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, ambao ni jamii ya miraa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kisha mahakama ya Embu ikasimamisha amri hizo, na mabishano kati ya Pwani na wakulima wa Embu yakawa makubwa kuliko muguka wenyewe.

Nizungumzie wachezaji ninaowajua, wale wa vikundi vya ngoma na sarakasi wanaotumbuiza watalii kwenye hoteli za Diani. Kikundi kimoja kinaweza kucheza hoteli mbili au tatu usiku mmoja, kila mahali dakika chache, kisha mbio kwenye matatu mkiwa bado na rangi usoni. Kule hatukuwa na bendi wala baa ya kutukalisha hadi alfajiri. Vijana walitafuna muguka kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu na kwa sababu unaondoa njaa. Chakula cha hotelini hatukupewa, na ujira ulilipwa mwisho wa mwezi ikiwa kiongozi wa kikundi hakuutumia kwanza. Hilo la njaa sijaona mtu akilitaja, nalo kwangu ndilo la kwanza.

#6 Daktari wa Zamu

Ahsanteni kwa uzi mzuri. Niongeze upande wa mwili, kwa sababu naona watu wanavihesabu vitu hivi kimoja kimoja, ilhali hatari iko kwenye mchanganyiko.

Kiini cha mirungi na muguka ni kathinoni, ambayo ni jamaa wa amfetamini, dawa kali ya kuamsha mwili. Huchakaa haraka majani yakinyauka, ndiyo maana furushi hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni. Inapandisha mapigo ya moyo, inabana mishipa ya damu, inapandisha joto la mwili na kuzima hamu ya kula na kunywa. Sasa mtie mtu huyo chini ya taa kali, acheze, atokwe na jasho kwa saa kadhaa, na awe amemeza diklofenaki. Damu inayofika kwenye figo imepungua kwa sababu ya ukosefu wa maji. Figo hujilinda kwa kemikali fulani zinazozuia mishipa yake isibane, nazo diklofenaki na ibuprofeni huzipunguza kemikali hizo hizo. Akinywa pombe juu yake, tumbo nalo linaingia hatarini kwa vidonda na kutokwa na damu. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo ambacho mtaa ungekiita unga.

Tramadoli ina mambo yake. Inaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa, hasa akizidisha dozi au akiichanganya na dawa nyingine, na ikikutana na pombe nyingi inaweza kupunguza pumzi hadi isimame.

Kuhusu maumivu yenyewe: mfupa wa mguu unaotua kwenye saruji kila usiku hupata ufa mdogo usioonekana hata kwenye picha za mwanzo za eksirei. Maumivu ndiyo yanayomlazimisha mtu apumzike. Ukiyazima, mfupa unaendelea kupasuka, na dozi nayo lazima ipande. Kwa hiyo Mfamasia ana haki yake, hata kama Hakimu ana haki ya kudai hesabu.

#7 Mzee wa Gita

Vijana, mlianzia mwisho wa hadithi. Nilipiga gita wakati bendi zilikuwa za mashirika na jumuiya za wafanyakazi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Aliyeugua aliugua akiwa kazini, mshahara ukaingia, naye akarudi alipopona. Leo mnenguaji analipwa posho kwa onesho alilopanda. Asipopanda hana nauli ya kurudi nyumbani, sembuse kodi ya chumba. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apumzishe goti wiki sita, anakuona unamtania. Mlango ni ajira, na hayo mengine ni madirisha.

#8 Fundi Spika

Shikamoo mzee. Hoja imepokelewa, lakini usitufanye tuamini kwamba enzi zenu bia ilikuwa ya kuoshea nyuzi za gita.

#9 Mnyamwezi wa New Jersey

Habari za huko. Mzee wa Gita naona hoja yake ni nzito, ila kuna kisa cha huku Marekani kinachoipa taabu.

Kampuni ya American Ballet Theatre ya New York katika miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa juu kabisa katika baleti. Wachezaji wake walikuwa na mikataba, mishahara na chama cha wafanyakazi cha kuwatetea. Ndiyo kampuni iliyokuwa na Gelsey Kirkland na Patrick Bissell. Mwishoni mwa mwaka 1980 wote wawili waliachishwa kazi kwa kukosa mazoezi, kisha wakarudishwa. Mwaka 1986 Kirkland alichapisha kumbukumbu za maisha yake, akaeleza waziwazi jinsi alivyozama kwenye kokeini na jinsi alivyojinyima chakula. Alidai pia kwamba katika ziara ya Umoja wa Kisovieti mwaka 1972, akiwa bado na New York City Ballet, mkurugenzi George Balanchine alimpa kidonge akikiita vitamini, naye akaamini baadaye kwamba kilikuwa amfetamini. Wengine waliokuwa katika kampuni ile walilipinga dai hilo vikali, na Balanchine hakuweza kujibu kwa sababu alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1983. Bissell alifariki Desemba 1987 hapa New Jersey, mjini Hoboken, akiwa na miaka 30.

Sasa niambieni, hawa walikosa ajira? Walikuwa na kila kitu ambacho Mzee anakitaja. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni kioo. Mchezaji wa baleti anajitazama kwenye kioo tangu utotoni, kila siku, saa kwa saa, akiambiwa kwamba mwili alionao si ule unaotakiwa. Hata sigara, ambayo huku ilikuwa ya kawaida kabisa nyuma ya majukwaa ya baleti, wengi waliivuta kwa sababu inaua njaa.

#10 Hakimu Bila Rungu

Huyo Bissell niliwahi kusoma kwamba alikufa kwa moyo kusimama, kama wanariadha wengi wanaojisukuma kupita kiasi. Tusimtie kila marehemu kwenye kapu la dawa.

#11 Mnyamwezi wa New Jersey

Hapana ndugu Hakimu. Uchunguzi wa mwili ulitangazwa wazi: ilikuwa ni mchanganyiko wa kokeini, kodeini, methadoni na dawa nyingine. Tena alikuwa amekwisha kupelekwa kwenye matibabu ya uraibu mwaka huohuo.

Angalia pia orodha yenyewe. Kodeini na methadoni ni za familia ya kutuliza maumivu, kwa hiyo Mfamasia anaweza kudai kwamba kisa hiki ni chake. Kokeini ni ya kuamkia, kwa hiyo Fundi Spika naye atakidai. Mimi bado nakipeleka kwenye kioo, lakini nakiri kwamba marehemu mmoja hawezi kuwa shahidi wa kila mtu.

#12 Kipepeo wa Sebene

Dada Mnyamwezi, kioo kipo hata huku, ila cha kwetu kimegeuzwa. Ninyi mnatakiwa mkonde. Sisi tulitakiwa tunenepe, tena mahali maalumu. Mnenguaji mwembamba aliwekwa safu ya nyuma, asitunzwe na mtu. Kwa hiyo katika kile kibegi kulikuwa pia na vidonge vya kuongeza mwili ambavyo wenzetu kutoka Kongo walituletea. Ukivimeza unalala kama mtoto, ukiamka unataka kula sufuria nzima, na baada ya wiki chache uso unakuwa wa duara na nyonga zimejaa. Tulifurahi sana. Hakuna aliyeviita vilevi, wala mtaa haukutusema kwa hilo, bali ulitusifu.

Kuacha ndiko kulikokuwa na shida. Mwenzetu mmoja aliviacha ghafla akawa hana nguvu za kusimama, akitapika, tukadhani ni mimba.

#13 Mfamasia wa Kata

Dada, maelezo yako yanafanana sana na siproheptadini na deksamethasoni, ambazo matumizi yake ya kunenepesha yanajulikana sana Kinshasa na hata huku. Ya kwanza ni dawa ya mzio; inaleta usingizi na njaa. Ya pili ni ya jamii ya steroidi; inajaza uso maji na mafuta, inapandisha sukari, na ikitumiwa muda mrefu inadhoofisha mifupa. Tezi za juu ya figo hutengeneza homoni yake ya asili, na mtu akimeza ya vidonge kwa miezi tezi hizo huzembea. Akiacha ghafla, mwili unabaki hauna ya ndani wala ya nje, na hali aliyokuwa nayo mwenzenu inaweza kuua. Mtu aliyefika huko hupunguziwa dozi taratibu na daktari.

Angalieni mahali mzunguko unapofungia: dawa ya kumtia mwili inadhoofisha mfupa, mfupa unauma, anakuja kwangu kununua diklofenaki.

#14 Kalemie hadi Kinshasa

Jambo wote. Vidonge vyetu vimesingiziwa, ingawa si uongo.

Kwa uzoefu wa Kongo, ninyi nyote mnamruka mtu mmoja, naye ni kiongozi wa bendi. Ndiye anayeamua nani atacheza mbele, nani ataingia kwenye orodha ya safari ya Ulaya, na pasipoti za wote anazishika yeye. Mchezaji anayekataa glasi kwenye meza ya kiongozi, au kwenye meza ya tajiri aliyekuja kutunza, anaonekana ana dharau. Nimeona wasichana wasiopenda pombe kabisa wakinywa kila usiku kwa sababu ya orodha ya viza. Huyo huwezi kumwambia kwamba tatizo lake ni goti.

#15 Msafiri wa Ghuba

Kuhusu pasipoti, niwaonye wanaokwenda Dubai, Doha au Manama kwa mikataba ya kucheza hotelini. Tramadoli ambayo huko nyumbani unaibeba kwenye pochi, katika nchi za Ghuba ni dawa inayodhibitiwa vikali, na Falme za Kiarabu zinadai kibali kabla hujaingia nayo. Misri iko vivyo hivyo: mwaka 2017 Mwingereza mmoja alikamatwa uwanja wa ndege na vidonge 290 akahukumiwa miaka 3, ingawa alisema alimpelekea mpenzi wake aliyekuwa na maumivu ya mgongo. Yeye alikuwa na ubalozi na magazeti nyuma yake, akasamehewa Januari 2019. Mnenguaji wa Sinza, ambaye wakala wake hapokei simu, atakuwa na nani?

#16 Hakimu Bila Rungu

Basi nielezwe kwa nini hali haidhibitiwi kama kwenye riadha. Mkimbiaji anapimwa mkojo. Mcheza dansi hapimwi popote duniani.

#17 Kichwa Chini

Popote ni neno pana, mkuu. Mimi ni mchezaji wa dansi ya breki (breakdance), na shirikisho la dunia la dansi ya michezo limo chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, zinazowahusu hata wale wa dansi za ukumbini za mashindano. Waliocheza breki kwenye Olimpiki ya Paris mwezi Agosti 2024 walikuwa chini ya kanuni zilezile za wakimbiaji. Tramadoli imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024, bangi pia hairuhusiwi siku za mashindano, na kathini, ambayo ni mabaki ya mirungi, inahesabika kosa ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo. Dawa za kukojoza maji ili upungue uzito haziruhusiwi wakati wowote.

Ila zingatia kwamba diklofenaki na ibuprofeni zinaruhusiwa. Kwa hiyo hata sisi tunaopimwa tunameza, na nimeona wachezaji wakimeza kabla ya kuumia, ili yasije yakauma. Kipimo kinamzuia mtu asimzidi mwenzake, lakini hakimzuii asijiumize. Kwa bendi na baleti ambako hakuna anayeshindania medali, sijui mngempima nani na kumnyang'anya nini.

#18 Shangazi wa Soba

Salaam wanangu. Nimefanya kazi katika soba house, nyumba ya kuwasaidia wanaoacha vilevi, na kwa waliopita mikononi mwangu ninaona kwamba nyote mnawazungumzia wachezaji walioko jukwaani, ilhali wanaokuja kwetu ni wale walioshuka. Akiwa na miaka 22 ana kiroba na kidonge, lakini anaamka, anaoga, anakwenda mazoezini kwa sababu kuna faini ya kuchelewa. Akifika 30, bendi imeleta wasichana wapya, goti limekwisha, jina lake bado liko midomoni mwa watu lakini mfukoni hana kitu. Hapo ndipo unga unapompata.

Na akitaka kutoka, kutoka kwenyewe hakukupangwa kwa ajili ya maisha yake. Tunashukuru kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, na baadaye Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kenya nao wameanzisha zao. Lakini methadoni ile kwa kawaida ni ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, asubuhi. Mtu aliyetoka ukumbini saa kumi alfajiri, au ambaye bendi yake iko Songea wiki hii, ataifuataje? Nimemwona mama mmoja akichagua kati ya kikombe cha methadoni na onesho la mkoani. Alichagua onesho kwa sababu ada ya shule ya mtoto ilikuwa imefika. Sikumlaumu, nami sikuwa na la kumpa badala yake.

#19 Kipepeo wa Sebene

Shangazi, nakubaliana nawe juu ya unga, lakini huo wa baada si mlango. Ni chumba cha mwisho cha nyumba ambayo mtu aliingia zamani akiwa bado mrembo.

#20 Mnyamwezi wa New Jersey

Na mbona wapo wanaozama wakiwa juu kabisa, bila kungoja kushuka? Sergei Polunin alipewa daraja la juu la Royal Ballet ya London akiwa na miaka 19, akajiondoa ghafla Januari 2012, na mwenyewe amesema hadharani kwamba alitumia kokeini. Hakuwa mzee, hakuwa na njaa, wala hakuwa amesahauliwa. Ukimsikiliza, anazungumza zaidi juu ya kubanwa, na juu ya utoto uliotolewa wote kwa kazi ambayo hakuichagua akiwa na akili ya mtu mzima.

#21 Mzee wa Gita

Huyo wa London alikuwa na pa kujiondoa. Wa kwetu anajiondoa kwenda wapi?

#22 Mfamasia wa Kata

Nawashukuru wote. Bado nashikilia duka la dawa, ila sasa naliona lina milango mingi nyuma yake. Swali la kazi, Daktari: Ijumaa hii atakuja mmoja, namjua, na ataulizia ile yenye nguvu zaidi. Nikimnyima atakwenda kwingine. Nifanye nini?

#23 Daktari wa Zamu

Usimpe, lakini usimfukuze. Muulize mambo matatu: anameza nini kingine, alikunywa maji kiasi gani leo, na kama maumivu yako mahali pamoja ambapo akipabonyeza kwa kidole anaruka. Akikubali hilo la tatu, inawezekana mfupa una ufa, na hapo dawa yoyote utakayomuuzia unamsaidia kuuvunja. Mwandikie karatasi ya kumwona daktari wa mifupa. New York wana kituo maalumu cha majeraha ya wachezaji, Harkness, tangu mwaka 1989, na Uingereza waliunganisha hospitali na vyuo kwa kazi hiyo mwaka 2012. Sisi tuna wewe na kaunta yako. Akikwambia kwamba hulala kwa vidonge na huamka kwa majani, mpe namba ya Shangazi kabla hajafika kwa Shangazi kwa njia nyingine.

#24 Hakimu Bila Rungu

Nimesoma yote kwa makini. Tumepata goti, aibu, ratiba, njaa, posho, kioo, kiongozi, umri na utoto, na kila aliyeleta lake amelithibitisha kwa mtu anayemjua yeye. Sijashawishika kwamba wachezaji wana tatizo lao peke yao.

#25 Fundi Spika

Hakimu, Jumapili kuna bonanza kuanzia saa kumi jioni. Nitakuwekea kiti nyuma ya spika ya kushoto, karibu na mlango wa stoo, ukae pale hadi saa sita usiku ukiandika kila kinachoingia na kutoka kwenye kibegi. Kiingilio utajilipia.

#26 Hakimu Bila Rungu

Nitakuja. Lakini nitakwenda pia kukaa na walinzi wa ukumbi huohuo muda uleule, ili tulinganishe.

#27 Binti Likoni

Na mtu awapelekee wote chakula, wachezaji na walinzi, kisha mwandike tena Jumapili inayofuata.